Njaa Ilisubiri Siku 41, Hewa Haisubiri Hata Dakika Tano!

MSOMAJI wangu, wiki hii tunawaacha kidogo waliofumaniana na mambo ya mitindo ya nywele. Tutawakuta wiki ijayo, hawaendi popote. Leo tuna hesabu mbili za kufanya, na zote zinatoka chini ya ardhi.

Hesabu ya kwanza. Oktoba 2015, mgodi mdogo wa dhahabu wa Nyangarata, huko Kahama, uliporomoka na kuwafungia wachimbaji ndani. Siku zikapita, wiki zikapita, watu huku juu wakakata tamaa. Novemba 15, watano wakatolewa wakiwa hai. Siku 41! Walikula vyura na wadudu, wakanywa maji yaliyokuwa yakidondoka mwambani, wakaishi. Ukisikia Mungu mkubwa, ndiyo hiyo.

Hesabu ya pili. Juni 2002, kwenye machimbo ya tanzanaiti ya Mererani, karibu watu 40 walikufa ndani ya mgodi. Hawakufa kwa njaa wala kwa kiu. Mtambo uliokuwa ukiwasukumia hewa ulishindwa kufanya kazi, wakakosa pumzi. Basi, habari ikaishia hapo.

Weka hesabu hizo mbili pamoja uone. Njaa ilisubiri siku 41. Hewa haikusubiri. Waliokuwa na hewa walisalimika hata mlima ulipowafunika, na waliokosa hewa walikwisha. Ndiyo maana leo nataka tuzungumzie kidude kimoja kidogo, kinakaa kiganjani kama redio ya mkulima, ambacho kazi yake ni moja tu: kukuambia kama hewa ya shimoni inafaa kuvutwa au la. Wataalamu wanakiita kipima gesi.

SHIMO NI SHIMO TU

Tuhamie Mara. Anayeijua Nyansurura anajua kwamba ni kata ya wilaya ya Serengeti, na kwamba ukivuka Mto Mara unaingia Tarime, kwenye dhahabu ya Nyamongo. Huko wachimbaji wadogo walikuwa wakipiga moko miaka mingi kabla mgodi mkubwa wa North Mara haujaanza kazi mwaka 2002. Ni nchi ya ng'ombe na mahindi, lakini kijana wa kule akisikia kwamba mwamba umetoa mahali, jembe linaegeshwa ukutani. Mura anafunga kibegi, anaenda kujaribu bahati.

Akifika anakuta duara, yaani shimo la kushuka wima, lenye matimba pembeni na kamba ya winchi katikati. Anashuka. Huko chini hakuna dirisha.

Lakini hata asiyetaka dhahabu hajapona. Nani anachimba kisima cha mkono pale kijijini? Ni huyo huyo kijana. Nani anashuka kwenye shimo la choo simu ikidondoka, au kwenye tangi la maji machafu likiziba? Ni yeye tena. Duara la dhahabu, kisima, shimo la choo, tangi, ghala la nafaka lililofungwa kwa miezi: vyote ni ndugu wa baba mmoja. Mlango ni mdogo, hewa haizunguki, na havikujengwa ili mtu akae ndani. Ukishuka unategemea hewa iliyoko humo, na hujui imekaa na nani.

WAUAJI WANNE

Kipima gesi cha kawaida kinachotumika mashimoni kina macho manne, na kila jicho linamlinda mtu dhidi ya muuaji mmoja. Tuwatambue.

Muuaji wa kwanza ni upungufu. Hewa safi hii unayovuta ukisoma gazeti ina oksijeni asilimia 20.9. Ikishuka hadi 19.5, mashine inapiga kelele. Ikifika 16, moyo unaenda mbio na akili inaanza kuyumba. Kwenye 10 hivi mtu anakaribia kuzimia, na chini ya 6 ni dakika chache tu za kuondoka duniani. Vitu vinavyoila oksijeni ni vya kawaida kabisa: mbao za matimba zinazooza, majani yaliyotumbukia kisimani, mawe yenye madini yanayopata kutu, na pumzi za watu wenyewe waliojaa shimoni.

Ubaya wake ni kwamba mwili hauna kengele ya oksijeni. Ile bughudha ya kubanwa unayoisikia ukibana pumzi majini inaletwa na hewa ukaa inayojaa mwilini, si na oksijeni kupungua. Mtu anaweza kuvuta hewa isiyo na oksijeni, akaitoa vizuri tu, akavuta tena, kisha magoti yakalegea kabla hajasema lolote. Wenzake juu wanadhani kainama kuokota kitu.

Muuaji wa pili ni kaboni monoksaidi. Huyu hana rangi wala harufu. Anatoka kwenye moshi wa jenereta, kwenye pampu ya petroli ya kuvutia maji, na kwenye baruti iliyolipuka. Akiingia kwenye damu anaishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoishika, kama mpangaji sugu asiyetaka kuhama. Mashine nyingi hupiga kelele akifika sehemu 35 katika milioni. Akifika 1,200, hapo ni hatari ya papo hapo.

Muuaji wa tatu ni haidrojeni salfaidi, yule anayenuka yai viza. Makao yake ni vyooni, kwenye mitaro na kwenye maji yaliyotuama na kuoza. Mashine hupiga kelele kwa sehemu 10 tu katika milioni. Huyu ni tapeli, msomaji. Akifika 100 hivi, anaua pua kwanza! Unaacha kumsikia harufu, unasema, "Ahaa, imeisha," kumbe ndiyo kwanza imezidi. Anayetegemea pua yake amekabidhi fisi bucha.

Muuaji wa nne ni gesi inayowaka, hasa methani, ambayo hutokana na vitu vinavyooza. Methani ikifika asilimia 5 ya hewa, cheche moja inatosha kulipua. Mashine haingoji ifike huko. Inahesabu safari nzima ya kuelekea kwenye mlipuko kama 100, na inapiga kelele ikifika 10. Kwa hiyo ukiona 10 usiseme "bado 90". Ni sawa na kusema nyumba ya nyasi bado haijaungua, ni mlango tu.

MSHUMAA NA CHIRIKU

Najua wazee wa visima watanijia juu. "Sisi tumeshusha mshumaa tangu enzi za babu, mashine ya nini?" Tuwajibu kwa heshima, maana wazee wetu hawakuwa wajinga. Mwali wa mshumaa huzimika oksijeni ikiteremka hadi asilimia 16 au 17 hivi. Kwa hiyo ukizimika, wazee walikuwa sahihi: usishuke.

Taabu ni pale unapoendelea kuwaka. Mshumaa unawaka raha mustarehe kwenye kaboni monoksaidi inayotosha kumuua mtu. Vilevile unawaka kwenye haidrojeni salfaidi ya kumwangusha. Na ukikutana na methani, mshumaa ndio unaokuwa kiberiti cha kulipulia shimo. Kitu kinachosema kweli kwa muuaji mmoja, kikamficha wa pili na wa tatu, kisha kikamwasha wa nne, hicho si kipimo.

Wazungu nao walipitia huko. Mwaka 1815 Humphry Davy wa Uingereza alitengeneza taa yenye wavu wa waya, ili mwali usilipue gesi ya kwenye migodi ya makaa. Miaka ya 1890, mwanasayansi John Scott Haldane akashauri wachimbaji washuke na ndege wadogo, chiriku wa njano, kwa sababu ndege huyo anapumua haraka na kaboni monoksaidi humwangusha kabla haijamwangusha binadamu. Uingereza ilitangaza kuwastaafisha ndege hao mwaka 1986, na kazi ikachukuliwa na mashine. Kipima gesi ni mjukuu wa chiriku, ila huyu mjukuu hahitaji kufa ili ujue kuna hatari.

JINSI YA KUKITUMIA

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Mashine hii haina ugumu kuliko simu, lakini ina utaratibu, na ukiuruka imekuwa pambo.

Kwanza, iwashe mahali penye hewa safi, mbali na jenereta, mbali na jiko, mbali na wavuta sigara. Iache ijipashe moto na kujikagua. Kwenye kioo chake oksijeni, inayoandikwa O2, isome 20.9, na zile nyingine tatu zisome sifuri. Mashine nyingi zina kitufe cha kuziambia "hii ndiyo hewa safi". Ukikibonyeza ukiwa umesimama kwenye moshi wa pampu, umeifundisha kuita uchafu usafi, na itakudanganya siku nzima kwa uaminifu kabisa.

Pili, ijaribu kwa gesi. Kuna kichupa maalumu chenye gesi za majaribio ambazo viwango vyake vinajulikana. Unaipulizia kidogo, unaona kama namba zinapanda, king'ora kinalia, taa zinawaka na mashine inatetema. Hii hufanywa kila siku kabla ya kazi, kwa sababu macho ya mashine yanazeeka, na matope yanaweza kuyaziba bila kioo kuonyesha lolote. Mashine iliyokufa jicho nayo inasoma sifuri! Sifuri ya salama na sifuri ya upofu zinafanana kama mapacha. Mbali na jaribio hilo, mashine hupelekwa kwa fundi mwenye vifaa kusahihishwa kwa muda uliopangwa na mtengenezaji, na tarehe yake huandikwa. Ukikabidhiwa mashine, uliza tarehe.

Tatu, pima kabla mtu hajashuka. Wengi huharibu hapa. Wanainama mdomoni mwa shimo, wanaona 20.9, wanasema poa. Poa gani? Methani ni nyepesi, hupenda kukaa juu. Haidrojeni salfaidi ni nzito kuliko hewa, hutulia chini. Kaboni monoksaidi haina upande, inazagaa popote. Basi pima juu, pima katikati, pima chini, na shimo refu lipime kila baada ya mita moja na kidogo. Mashine yenye pampu ina mpira mrefu wa kuvutia hewa. Subiri hewa isafiri kwenye mpira hadi ifike, kisha ipe mashine muda wa kusoma, dakika mbili kila kituo si nyingi. Isiyo na pampu ifunge kamba uishushe, uiache huko, uipandishe, halafu uangalie kumbukumbu yake ya kiwango kibaya kabisa ilichokutana nacho.

Nne, soma oksijeni kwanza. Ina sababu: jicho la kupima gesi inayowaka, kwa mashine nyingi, huunguza gesi kidogo sana ndani yake, na kuunguza kunahitaji oksijeni. Oksijeni ikiwa chache, jicho hilo linaweza kukuambia hakuna gesi wakati ipo tele.

Tano, anayeshuka aivae kifuani, karibu na pua na mdomo. Ukiitia mfuko wa suruali inapima hewa ya suruali. Na usiizime mpaka utoke, kwa sababu shimo lililokuwa salama saa mbili asubuhi linaweza kuwa kaburi saa nne. Ukipiga moko mwamba ukafungua mfuko wa gesi, ukikoroga tope lililolala, upepo ukigeuza moshi wa pampu ukaurudisha shimoni, mambo yamebadilika.

Sita, ikilia, toka. Usiipigepige, usiseme betri, usimalizie kujaza kiroba. Toka kwanza, mjadala ufanyike juu.

NAMBA INAYODANGANYA

Hapa nakuomba utulie msomaji, maana hata wenye mashine wengi hawalijui hili.

Tuseme kioo kinasoma oksijeni 19.9. King'ora hakijalia, kwa sababu kinangoja 19.5. Imepungua asilimia moja tu, si ndiyo? Jamaa anashuka akipiga mluzi.

Haya, fanya hesabu. Oksijeni ni kama moja ya tano ya hewa. Ili yenyewe ipungue asilimia moja kwa kusukumwa na gesi nyingine, gesi hiyo ngeni lazima iwe imechukua nafasi ya karibu asilimia tano ya hewa yote. Asilimia tano ni sehemu 50,000 katika milioni! Kama mgeni huyo ni hewa ukaa, basi tayari amevuka asilimia 4, kiwango ambacho wataalamu wa Marekani wanakihesabu kuwa hatari ya papo hapo. Na mashine ya macho manne haina jicho la hewa ukaa. Imekaa kimya, na wewe umeufurahia ukimya wake.

Hewa ukaa si mtu wa kuchezea. Waulize ndugu zetu wa Goma, mashariki mwa Kongo, kwenye nchi ya volkeno. Kule hewa ukaa hutoka ardhini na kutulia mabondeni kama maji yasiyoonekana. Waswahili wa kule wamempa jina, wanamwita mazuku, yaani upepo mbaya. Anaua mbuzi, anaua watoto waliopita njia ya bondeni alfajiri, huku mtu mzima aliyesimama mahali palipoinuka kidogo akipumua bila shida. Na huko Kamerun, Agosti 1986, Ziwa Nyos lilitapika hewa ukaa usiku mmoja, wakafa watu wapatao 1,700 pamoja na mifugo zaidi ya 3,000. Ukiwa mfugaji wa Serengeti, hebu lipige picha zizi hilo asubuhi.

Kwa hiyo kanuni ya mwenye akili ni hii: namba yoyote iliyo chini ya 20.9 ni swali linalohitaji jibu. Usingoje king'ora kikufikirie. Jiulize oksijeni iliyopungua imekwenda wapi, na nani amekaa kwenye kiti chake. Peperusha hewa, pima tena. Na kwa duara lililopigwa baruti kuna jambo lingine. Moshi wa baruti unaweza kuwa na gesi ya kahawia, naitrojeni dayoksaidi, ambayo nayo mashine ya kawaida haiioni. Huyo anaweza kumwacha mtu arudi nyumbani akitembea, kisha mapafu yakajaa maji saa kadhaa baadaye. Baada ya baruti, shimo lipewe muda na hewa mpya kabla ya mtu kuweka mguu.

Tena kuna kosa la kompresa. Mtu ananunua mtambo wa kusukuma hewa, anauweka mdomoni mwa duara, halafu bomba la kuvutia hewa linaelekea pale pale moshi wa mtambo unapotokea. Anawapelekea vijana wake sumu kwa bomba, na dizeli analipia mwenyewe!

MTU WA PILI

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Mwaka 1986 huo huo, taasisi ya Marekani inayoshughulika na usalama kazini, NIOSH, ilitoa tahadhari kuhusu vifo vya mashimoni na kwenye matangi. Ikasema kwamba zaidi ya asilimia 60 ya waliokufa walikuwa ni watu walioingia kuokoa. Soma tena. Wengi wa marehemu hawakuwa wale walioshuka kufanya kazi. Walikuwa watu wa pili, wa tatu na wa nne.

Na huyo mtu wa pili unamjua. Ni mdogo wake. Kaka kashuka kisimani, kaitwa hajibu, amelala chini kama amesinzia. Mdogo mtu yuko juu, damu inamchemka. Kwa desturi zetu, na hasa kule Mara ambako mwanaume huhesabiwa kwa kutokimbia, nani atasimama mdomoni mwa shimo akimtazama nduguye? Anaruka. Pumzi mbili, naye yuko chini. Anakuja shemeji. Anakuja jirani aliyesikia yowe. Jioni mji mmoja una misiba mitatu, na hewa iliyowaua wote ni ile ile, haikuongezeka hata kidogo.

Hapo ndipo unapoiona kazi halisi ya kipima gesi. Kinampa mtu wa pili sababu ya kubaki juu. Bila namba, anayebaki juu anaitwa mwoga. Namba ikisema oksijeni ni 7, anayebaki juu ni mtu mwenye akili, na ndiye atakayeleta msaada. Ushujaa hauwezi kubishana na 7.

Lakini namba peke yake haimpandishi aliyezimia. Ndiyo maana mashine ina mwenzake wa bei chee, naye ni kamba. Anayeshuka afungwe mkanda wa mwili wenye kamba tangu dakika ya kwanza, na ncha nyingine iwe kwenye winchi huku juu. Mtu mmoja akae mdomoni mwa shimo, kazi yake ikiwa ni kuangalia na kusemesha tu. Asitumwe maji, asitumwe sigara. Aliye chini akinyamaza, anavutwa kwa kamba. Hakuna kushuka. Hewa safi ipulizwe shimoni, na simu ipigwe 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Atakayeshuka ni yule tu mwenye mtungi wake wa hewa mgongoni na mafunzo yake. Kitambaa chenye maji puani hakizuii hata gesi moja kati ya nilizotaja. Hicho ni cha vumbi.

NANI ANUNUE?

Utaniambia, "Ndugu mwandishi, mashine za Wazungu hizo, sisi tutazitoa wapi?" Haya, tuzungumze fedha. Kipima gesi cha macho manne huuzwa kuanzia laki kadhaa hadi milioni kadhaa, kutegemea aina na kama kina pampu. Kwa lugha ya Mara, ni bei ya ng'ombe, siyo ya zizi. Hakuna haja ya kila mtu kuwa na chake. Duara moja lina mwenye duara, wachimbaji, wa winchi na wa pampu. Kikundi chenye leseni ya uchimbaji mdogo kinaweza kununua kimoja, pamoja na kichupa cha kukijaribia, kikamteua mtu mmoja wa kukitunza. Kijiji chenye mafundi wa visima kinaweza kufanya hivyo hivyo na kukodishana.

Ila wenye maduara wasikilize vizuri. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtwisha mwajiri jukumu la usalama wa wanaomfanyia kazi, na kanuni za usalama migodini zimekuwepo tangu 2010. Kijana anayelipwa kwa viroba vya mawe badala ya mshahara naye ana mapafu mawili kama ya bosi. Anayeweza kununua karasha na jenereta anaweza kununua kipima gesi.

Na mnaponunua, msidanganywe na kinachong'aa. Ulizeni kama jicho la oksijeni ni jipya, maana kwa mashine nyingi huisha baada ya miaka miwili hivi hata kama hukuitumia. Ulizeni kichupa cha majaribio kinapatikana wapi, na fundi wa kuisahihisha yuko mji gani. Mkishaipata, msiifute kwa dawa za kung'arisha zenye silikoni, zinaua jicho la gesi inayowaka. Na manukato ya kupuliza yawekwe mbali nayo, yanaweza kuichanganya. Kijana anayetaka kunukia vizuri anukie jioni, akishatoka shimoni!

Kwa wale ambao hawana mashine leo wala kesho, jibu ni fupi. Shimo ambalo halijapimwa lichukulie kuwa baya. Usishuke kwenye kisima cha zamani, duara lililoachwa wala tangi la choo kwa sababu ya simu au ndoo. Ndoo ina ndoano yake. Pampu ya petroli isishushwe shimoni hata kwa dakika tano. Na asiwepo mtu wa kushuka bila kamba mwilini na bila mtu wa kudumu juu.

Nanyi mama watoto, msiseme makala hii ni ya wanaume. Baba akiaga asubuhi kwamba anaenda kwenye duara au anaenda kuzibua kisima cha jirani, muulize maswali matatu kabla hujampa chai: Nani amepima? Kamba iko wapi? Nani anabaki juu? Akikujibu kwa ukali kwamba wanawake hawajui mambo ya shimo, mjibu taratibu kwamba ukali haupumuliwi.

Dhahabu ya Nyamongo imekaa chini ya ardhi tangu dunia iumbwe, haina haraka na mtu. Itamsubiri kijana wa Nyansurura apime kwanza, asubiri dakika zake mbili kila kituo, avae mkanda wake, ndipo ashuke. Haya, tukutane wiki ijayo na wale wapenzi wetu waliofumaniana, wote tukiwa tunapumua.